Siku ya Pili Nilikumbuka

Niliingia kazi ya ukalimani mahakamani kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekataa kusema mbele ya wanaume. Ilikuwa Juba, miaka ya sabini, amani ikiwa bado mbichi, na sisi tuliorudi kutoka Uganda tukiwa bado tunaulizia njia za mji wetu wenyewe. Mwanamke yule alikuwa amepigwa na shemeji yake, na kila alipoulizwa amepigwa wapi aliangalia sakafu. Karani akatoka nje barazani, mahali nilipokuwa nimekaa tangu asubuhi nikifuatilia kiwanja cha marehemu baba yangu kule mtaa wa Malakia, akauliza kama kuna mwanamke yeyote anayejua Kibari na Kiingereza. Nikanyoosha mkono. Kiwanja sijakipata mpaka leo, lakini kazi niliifanya mpaka mwezi uliopita.

Ninyi vijana mnaoshika daftari baada yangu mmetaka niwaachie maandishi, na mmesema yawe kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tunayotaniana nayo ofisini, yenu ya Nairobi na yangu ya Gulu. Haya. Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili, na si nyingi. Mimi nitawaeleza nilivyofundishwa kazi, kisha niwaeleze kesi moja. Nimetafsiri wauaji, wezi wa ng'ombe na waume wenye wivu kwa miaka zaidi ya thelathini, na wengi wao nimewasahau. Hii sijaisahau hata siku moja, na bado nikiikumbuka nahisi vile vile nilivyohisi siku ile, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Daftari la shule, penseli mbili, glasi ya maji, Biblia, Kurani, na mkuki mfupi butu ambao wazee wa wafugaji waliuapia. Mkuki huo uliwahi kumwangukia karani kwenye kidole cha mguu. Makali haukuwa nayo, ila uzito ulikuwa nao.

Mwalimu wangu aliitwa Ustaz Pitia. Alikuwa mtu mwembamba, mwalimu wa shule wa zamani, aliyeanza kutafsiri mahakamani enzi za Mwingereza, na suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata siku ambazo mkaa haukupatikana mji mzima. Alinifundisha kusimama nusu hatua nyuma ya shahidi, nisimtazame usoni wakati nasema maneno yake. Alinifundisha kukunja kidole kimoja kwa kila jambo linalotajwa, ili nisiruke kitu. Na alinifundisha kusema "mimi".

"Ukisema 'anasema aliiba', tayari umejitenga naye," aliniambia. "Umemnyooshea kidole mbele ya hakimu. Sema 'niliiba'. Yeye hana mdomo mwingine humu ndani ila wako."

Siku ya kwanza niliposema kwa sauti yangu, mbele ya watu, "Nilimkata panga," mama mmoja aliyekaa benchi la mbele aliinuka akahamia la nyuma. Nilizoea. Mtu huzoea mengi akiwa na penseli mkononi.

Katika mwezi wa tatu niligundua jambo. Alisimamishwa kijana mfyatua matofali aliyempiga ndugu yake jembe la kichwa, ndugu akafa. Kijana alisema kwa Kibari, polepole, nami nilimsikia vizuri: "Nilimpiga. Alikuwa amenipa mgongo." Ustaz Pitia akageukia meza ya hakimu, akasema kwa Kiingereza: "Nilimpiga. Shetani alinipitia."

Nilidhani masikio yangu yana hitilafu. Lakini wiki iliyofuata nikalisikia tena, kwa mwanamke aliyemmwagia mke mwenza maji ya moto. Hakumtaja shetani yeyote. Ustaz akamtaja kwa niaba yake.

Nilimkabili kwa mama wa chai, nje ya uzio wa mahakama.

"Ustaz, yule mama hakusema shetani."

Alikoroga chai yake mpaka sukari yote ikayeyuka. "Hakusema."

"Basi kwa nini?"

"Binti yangu, hakimu akisikia mtu ametenda jambo kama lile na sababu hana, anaogopa. Na hakimu mwenye hofu anafunga miaka mingi. Mimi nawapa sababu, kama unavyompa mgeni kiti. Shetani hatakuja kudai tumemsingizia."

Nikamaliza chai yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naye alikuwa amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Tena, niwaambie kweli, nililiona ni jambo la huruma. Mimi mwenyewe sikuwahi kuongeza neno, lakini alipoongeza yeye, nilinyamaza.

Hakimu wetu, ambaye sote tulimwita Maulana kama ilivyo desturi ya mahakama za huko, alikuwa mtu wa jimbo la Bahr el Ghazal. Kibari hakukijua hata cha kusalimia. Alituamini.

Mwaka wa pili wa kazi yangu, mvua zikiwa zimeshika, wakamleta Mama Roda.

Mama Roda nilimjua. Karibu kila mtu alimjua. Alikuwa mjane aliyeishi chini ya mlima wa Jebel Kujur, upande ule wa soko, katika nyumba mbili za nyasi na ua uliofagiwa mpaka ukang'aa. Yeye nami tulirudi kutoka Gulu kwa lori moja, na njiani, nilipotapika kwa vumbi na moshi, aliniwekea kichwa changu mapajani pake kutoka Nimule mpaka Juba. Watoto wake wawili walifia uhamishoni. Aliporudi alichukua yatima watano, wa ndugu na wasio wa ndugu, akawalea. Kanisani mchungaji alipotaka mfano wa upendo hakwenda mbali. Alimtaja yeye, naye aliinamisha kichwa kwa aibu.

Kati ya wale watano, mmoja alikufa. Aliitwa Poni, msichana wa miaka kama saba. Mazishini mchungaji alisema homa ya malaria imemchukua malaika wetu. Ndipo msichana mwingine wa nyumba ile, Kiden, wa miaka tisa, akasema mbele ya watu wote, bila kupaza sauti, "Hakuwa na malaria. Alinyimwa chakula." Katekista alikwenda polisi jioni ile ile.

Sisi ofisini tulicheka kidogo, si kwa ubaya. Tulisema mtoto ana uchungu, hajui anachosema. Nilimweleza Ustaz Pitia kwamba mshtakiwa namjua, nikauliza kama yafaa nitafsiri.

"Juba hii?" akasema. "Tukijitoa kila tunapomjua mtu, mahakama itafungwa mlango. Nenda. Kesi yenyewe itakwisha kabla ya chai."

Nilisimama nusu hatua nyuma yake. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na shingo yake ilinukia sabuni. Maulana alisema, "Mwulize kama anaelewa anachoshtakiwa." Nikamwuliza.

"Naelewa," akajibu Mama Roda. "Poni amekufa kwa njaa nyumbani kwangu. Njaa hiyo nilimpa mimi."

Nikakunja kidole cha kwanza na cha pili, nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza maneno yale yale. Kalamu ya Maulana ilisimama.

"Chakula hakikuwepo?"

"Kilikuwepo. Wale wanne walikula. Mimi nilikula."

"Mtoto alikukosea?"

"Hakunikosea. Alikuwa mtoto mtulivu."

"Ulimchukia?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Hapana," akasema.

Maulana aliinama mbele. Nadhani alikuwa ameacha kuuliza kama hakimu. "Basi ilianzaje?"

Mama Roda alikunja mikono juu ya kitenge, akaeleza. Alieleza kwa sauti ile ile aliyotumia kutoa matangazo ya umoja wa wanawake.

"Jumapili moja baada ya mvua za kwanza, wanawake wa kanisa walikuja kula kwangu. Nilipika ugali wa asida na mboga ya kudra. Sahani hazikutosha. Nikawapa wageni, nikawapa watoto, nikamsahau Poni. Siku ya kwanza nilisahau kweli. Alikaa kwenye jiwe la kusagia, hakuomba. Jioni nikagundua kwamba hakula, na kwamba hakulia. Siku ya pili nilikumbuka. Nilimkumbuka vizuri. Nikashika mwiko, nikamtazama, nikafunika sufuria."

Ilikuwa zamu yangu.

Vidole vyangu vilikuwa vimekunjwa vyote. Nilianza na Jumapili. Nilisema, "Wanawake wa kanisa walikuja kula kwangu," na hapo ndipo nilipotambua kwamba mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikumbuka ile kudra. Nilikumbuka niliongezwa mara ya pili na sikukataa. Nilikumbuka mtoto kwenye jiwe la kusagia, na jinsi nilivyosema moyoni kwamba watoto wa nyumba hii wana adabu, hawasogelei wageni.

Nikaendelea, kwa kuwa kazi haikungoji upate nafuu. Nikasema, "Siku ya pili nilikumbuka." Nikasema, "Nikafunika sufuria." Kila mtu aliyejua Kiingereza mle ndani alisikia mambo hayo yakitoka kinywani mwangu, nami nikayasikia.

"Kwa nini?" Maulana akauliza.

"Niliona inawezekana," akajibu Mama Roda. "Siku ya tatu mkono haukuwa mzito tena."

Ustaz Pitia alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya ukuta. Akakohoa. Nilikijua kikohozi chake; kilikuwa kikohozi cha kuniambia nimpe huyu mama kiti, upesi, kabla Maulana hajaogopa. Neno lilikuwa tayari, maneno mawili tu, shetani alinipitia, na hakuna ambaye angejua. Sikuyasema. Msinipe sifa. Ulimi ulisema wenyewe kile tu nilichokisikia.

Maulana aliahirisha kesi. Aliondoka mezani akisahau miwani yake.

Nje nilimkuta sajini aliyemlinda Mama Roda rumande, mtu mnene wa upande wa Yei, aliyejifunza Kiswahili chake katika kambi za Uganda. Alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Mimi iko na huyu mama wiki mbili sasa," aliniambia. "Yeye nafagia selo. Naombea wafungwa wengine. Moja aliumwa tumbo, yeye nampa uji yake. Dada, mimi naona watu mbaya kila siku, mimi najua sura yao. Huyu hapana kuwa na hiyo sura."

Tulisimama pale kama watu waliofiwa, tusijue nani ampe pole mwenzake.

Siku mbili sikula vizuri. Si kwamba niliamua kufunga. Kila nilipoona sahani nilihesabu watu. Siku ya tatu nilimwendea Ustaz Pitia nyumbani kwake Malakia, mchana, akiwa anapiga pasi.

"Ustaz, mimi nilikuwepo ile Jumapili."

"Kula kwa watu si kosa."

"Nilirudi tena. Kama wiki tatu baadaye. Nilipeleka ujumbe wa kanisa. Poni alikuwa amekaa pale pale. Miguu yake ilikuwa kama vijiti vya kuchokolea moto. Nilimwona, Ustaz. Nikasema moyoni, labda minyoo. Wingu lilikuwa limefunga, nikawahi kurudi kabla ya mvua."

Aliisimamisha pasi pembeni. "Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi kalas. Liishie hapa." Akanivutia kiti, nikakaa. Alinisemesha kama baba. "Sikiliza. Mkalimani akiwa shahidi, si mkalimani tena. Watasema ulitafsiri kwa hofu, ulitafsiri kwa hatia. Watafungua kila kesi uliyoigusa. Utaondoka, na wanawake watarudi kuangalia sakafu. Na kwa faida gani? Mama mwenyewe amekiri. Mtoto hatafufuka."

Hoja zake zote zilikuwa za kweli. Hilo ndilo lililonitisha: kwamba mtu anaweza kuwa na hoja za kweli tano, akazipanga vizuri kama matofali, na nyuma yake akawa amefunika sufuria. Niliinuka nikamshukuru. Kesho yake asubuhi nilibisha mlango wa ofisi ya Maulana.

Alinisikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Unajua nitakutoa katika kesi hii," alisema.

"Najua, Maulana."

"Na sijui kama utarudi katika nyingine."

"Hilo pia najua."

"Hakuna aliyekuita."

"Ndiyo, Maulana. Ndiyo maana nimekuja."

Kesi ilisikilizwa wiki mbili mfululizo. Wakati huo mji mzima ulikuwa na swali moja. Sokoni Jebel, kwenye foleni ya maji, kanisani, watu hawakuulizana tena juu ya mvua. Waliulizana ubaya ule umetoka wapi. Kwa Kibari neno moja hubeba ubaya wa nyama iliyooza na ubaya wa mtu. Nyama unajua ilianza kuoza lini, jua lilipoipiga. Mtu je?

Mahakamani kila mmoja alileta jibu lake, na Ustaz Pitia akamtafsiria Mama Roda kila lililosemwa, na kurudisha majibu yake. Mimi nilikuwa benchi la mashahidi, sina daftari, nimeweka mikono mapajani kama mgeni.

Mchungaji alisema ni Shetani, ambaye huwawinda watakatifu kuliko wenye dhambi. Mama Roda aliombwa aseme neno. Alisema, "Mchungaji, mimi huomba kila asubuhi. Siku zile pia niliomba. Kama Shetani angekuwepo, ningemjua. Nilikuwa peke yangu."

Mzee wa baraza, aliyekaa na hakimu kumshauri juu ya mila, aliuliza ukoo wake, akasema katika koo fulani kuna jicho baya linalopita katika damu. Mama Roda akamtajia babu zake mpaka wa nne, watu wa mashamba na nyuki. Mzee akarudi nyuma kitini, kwa kuwa mmoja wa wale babu alikuwa na undugu na yeye.

Wakili wake, kijana mwenye moyo, alisimama akazungumzia vita. Alisema mwanamke huyu alizika watoto wawili msituni kwa mikono yake, akala majani, akalala na maiti. Alisema vita ndivyo vilivyonyima chakula, mkono ulikuwa wake tu. Watu walilia. Mimi nililia. Nilifikiri, hatimaye, hiki ndicho kiti.

Mama Roda alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. "Ni kweli nilizika wawili," akasema. "Ndiyo maana nilijua. Mtu asiyejua njaa angeweza kusema hakujua anafanya nini. Mimi niliijua siku ya tano iko vipi, na ya kumi. Nilimwona Poni akizipita, moja moja, nazijua." Wakili aliketi polepole, karatasi zikamponyoka.

Kiden alisimamishwa juu ya kikasha ili aonekane. Alieleza kwamba alikuwa akificha tonge la asida ndani ya gauni lake na kumpa Poni nyuma ya nyumba. Alikamatwa mara tatu. Mara ya tatu alipigwa kwa ukuni unaowaka; akaonyesha mkono, kovu bado jekundu. Aliulizwa kama baada ya hapo aliacha. Akasema hapana, alianza kuficha mdomoni.

Kisha nikaitwa mimi.

Ningeweza kusema kwa Kiingereza, moja kwa moja kwa Maulana. Lakini mabenchi yalijaa wanawake wa kanisa, wale wale tuliokula pamoja, na Mama Roda alikuwa mbele yangu. Nikaapa kwa Biblia, nikasema kwa Kibari. Ustaz Pitia akasimama nusu hatua nyuma yangu. Nilisikia harufu ya pasi kwenye shati lake.

Nilieleza Jumapili ile. Akatafsiri sawasawa. Nilieleza safari ya pili, wingu, miguu ya mtoto. Nikasema: "Nilimwona. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Sikuuliza."

Nyuma yangu ilipita pumzi moja. Kisha sauti ya Ustaz, tulivu, kwa Kiingereza safi: "Nilimwona, lakini sikuelewa nilichokiona."

Alikuwa amenivutia kiti. Alikuwa ananipenda, mpaka leo nasema alikuwa ananipenda. Wanawake kwenye mabenchi hawakujua tofauti. Maulana alikuwa tayari anaandika. Ningeweza kunyamaza, na maandishi ya mahakama yangenisafisha milele kwa maneno ambayo sikuyasema.

Nikageuka. Shahidi haruhusiwi kugeuka.

"Maulana," nikasema kwa Kiingereza, "mkalimani amekosea. Sikusema sikuelewa. Nimesema nilijua kuna kitu hakiko sawa, na sikuuliza."

Ustaz Pitia aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe barabarani. Miaka yote ile hakuna aliyemsahihisha mbele ya watu, na aliyekuja kumsahihisha ni yule ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kukunja vidole.

"Ni kweli?" Maulana alimwuliza.

Ustaz alivuta kola yake. "Ni kweli, Maulana. Shahidi amesema kama anavyosema sasa."

Maulana alikata mstari, akaandika upya. Tulisikia kalamu. Kisha akamwuliza Mama Roda kama ana swali kwa shahidi. Kwa mashahidi wote waliotangulia alisema hana. Safari hii aliinua uso akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze macho yake yalikuwa na maji.

"Keji," aliniita kwa jina langu la nyumbani. "Mbona hukuniuliza? Nilikuona unamtazama. Nilishika kikombe cha maji nikangoja. Ungeniuliza tu, Roda, mtoto ana nini, ningempa chakula mbele yako."

Ustaz Pitia akageukia meza. Alikunja vidole vyake, nikaviona. Akasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, na kikombe cha maji akakitaja, wala hakupunguza kitu.

Maulana alinitazama, akingoja jibu. Nimetafsiri majibu ya watu maelfu. Langu sikuwa nalo.

Mama Roda alifungwa miaka mingi. Hakuimaliza, alifia gerezani kwa maradhi, na wafungwa wenzake walimlilia kama mama yao. Walioniambia walishangaa niliposema naamini. Naamini. Uji wake alimpa mgonjwa, na Poni alimfunikia sufuria, na mikono ilikuwa miwili tu, ile ile.

Maulana alinirudisha kazini baada ya miezi miwili, bila maneno. Ustaz Pitia hakusema nami karibu msimu mzima. Kisha siku moja kwa mama wa chai alisogeza glasi mbele yangu, akasema, "Malesh, samahani, binti yangu," nami nikanywa. Miaka aliyobaki nayo kazini sikumsikia tena akimtaja shetani ambaye mshtakiwa hakumtaja. Hukumu zilizidi kuwa kali, ndiyo. Siwezi kuwaambia kwamba haikuwa hasara. Waulizeni waliozitumikia.

Wale watoto waligawanywa kwa jamaa zao. Kiden hakuwa na jamaa, nikamchukua mimi. Watu walisema nimefanya wema. Nilimchukua kwa sababu nilikuwa naogopa kukaa peke yangu na chakula.

Swali la mji liliendelea kunikaa kooni. Niliwauliza mapadri, wachungaji na shehe mmoja wa Malakia aliyenisikiliza kuliko wote. Niliwauliza watu waliosoma. Kila mmoja alikuwa na pale ulipotoka ubaya, na kila mara nilimsikia Mama Roda akimkatalia kwa upole. Nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa kidogo: siku ya kwanza mtu alisahau, siku ya pili akakumbuka, na mgeni akatazama wingu.

Ilipita miezi kabla sijatambua kwamba kuna swali jingine ambalo hakuna mtu aliyelileta mahakamani, si mchungaji, si wakili, wala Maulana. Alasiri moja tulikuwa tumekaa uani, Kiden na mimi, tukibambua karanga. Mkono wake ulikuwa umepona, ngozi imejikunja kidogo pale penye kovu. Nikamwuliza taratibu, nikiogopa kumtonesha.

"Kiden, ulijua utapigwa. Ulishapigwa, ukachomwa. Kwa nini uliendelea kumpa?"

Aliinua uso akaniangalia kwa muda, kama mtu anayemchunguza mkubwa ili aone kama anatania.

"Alikuwa na njaa," akasema, akachukua ganda jingine.